Kiapo cha Mkaguzi wa Mizani

Alhamisi ile yule mama alipoingia karakana yangu, sikujua kwamba ni dada wa mpenzi wangu.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba kimoja nyuma ya kliniki: meza ndefu, jiko dogo la kuyeyushia nta, mashine ya kung'arishia, na rafu ya mataya ya plasta yaliyoandikwa namba. Kwa kawaida wagonjwa siwaoni, naona midomo yao tu. Lakini siku hiyo daktari alikuwa ameitwa nje, na yule mama alikuwa anaumia. Bamba la meno matatu lilikuwa linamkwaruza ufizi.

"Nisaidie tu, mama," aliniambia, mkono shavuni. "Nina ugeni Jumamosi ijayo. Nataka nicheke bila kulia."

Nilimpa kiti, nikalichukua bamba, nikawasha taa ya mezani na kuanza kulisugua kidogo kidogo. Alikuwa wa umri wa miaka hamsini hivi, mshonaji wa mapazia, pini mbili bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Na alikuwa msemaji, hata bila meno.

"Ugeni wa heri?" niliuliza.

"Wa heri sana. Nataka kumwoza mdogo wangu. Mchumba nimeshamtafutia, binti wa rafiki yangu. Mpole, hajawahi kuolewa."

"Na mwenyewe ameridhia?"

"Atakataaje? Hana mtu. Nilimwuliza wiki iliyopita, uso kwa uso: una mwanamke? Akanijibu, sina. Na yule mtoto hasemi uongo, hata umtishie panga. Ndiyo kazi yake, kukamata waongo. Ni mkaguzi wa mizani."

Tupa niliyokuwa nikisugulia ilisimama mkononi mwangu. Mji wetu ulikuwa na wakaguzi wa mizani wawili, na mmoja wao alikuwa karibu kustaafu.

"Kuna maneno nilisikia," aliendelea, sauti ikishuka, "kwamba kuna mwanamke aliyeachika anamzungukazunguka. Mkubwa kuliko yeye. Nikasema, Mungu wangu, mtoto nimemlea mwenyewe tangu ana miaka tisa, leo nimpe makombo ya mtu? Lakini kama amesema hana, basi hana."

Nililainisha ukingo, nikaliosha bamba, nikampa.

"Jaribu kuuma."

Akauma. Akatabasamu tabasamu pana, zuri, lililofanana na la mtu ninayemjua mno.

"Una mikono mizuri, mama. Mungu akubariki."

Nilifunga mlango nyuma yake, nikakaa juu ya ndoo ya plasta. Miezi saba. Miezi saba nilikuwa "sina".

*

Jumapili alasiri tulikutana kama kawaida kwa kinyozi. Siku hiyo huwa hafungui kwa wateja, tunasogeza viti vyake vya kuzunguka pembeni, tunaweka meza katikati, na tunacheza.

Watu wakiniuliza mchezo gani, huwa nawaambia hivi: ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi. Mimi ndiye msimulizi. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mimi nasema, "Mmefika darajani, mbele yenu kuna walinzi," na wao wananiambia wanafanya nini, na pale mambo yasipojulikana yatakwendaje, tunarusha dadu ya pande ishirini: namba kubwa ni heri, ndogo ni balaa. Kinyozi mwenyewe alikuwa mwizi mwenye vidole vyepesi. Mkunga, mama wa miaka sitini aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa mpiga upinde mlevi, na alimfurahia mhusika wake huyo kupita kiasi. Na yeye, mkaguzi wangu, ambaye sote tulimwita Mizani, alikuwa paladini.

Kwenye kitabu cha mchezo, paladini ni askari mtakatifu. Ameapa kutenda haki, na nguvu zake zote zinatoka kwenye kiapo hicho. Akikivunja, upanga wake unabaki chuma tu. Wa Mizani alikuwa ameapa mambo matatu: hatasema uongo, hatamwacha mnyonge, hatampigia magoti mdhalimu.

Mapenzi yetu yalianzia kwenye vioo. Chumba kile kina vioo ukutani pande mbili, na mtu akikuangalia kupitia kioo anadhani hajakuangalia. Mwezi mzima tulikuwa tukikutana macho mle ndani, mimi nikisimulia mazimwi, yeye akijifanya anasoma karatasi yake. Siku alipokuja karakana na sanduku lake la mbao, akanionyesha mawe yake ya shaba ya kupimia, akaniambia hayashiki kwa mkono mtupu kwa sababu hata jasho la kidole lina uzito, nilijua nimekwisha. Mwanamume anayeogopa kudhulumu hata kwa uzito wa jasho! Baada ya mume niliyekuwa naye, nilimwona kama maji ya baridi.

Jumapili hiyo sikumwangalia kiooni hata mara moja.

"Tuendelee," nilisema. "Watu kumi na wawili waliotoroka machimbo ya gavana wamejificha chini ya kinu. Mwizi wetu ndiye aliyewaficha. Mmefika darajani. Mkuu wa walinzi anawauliza: mmeona watu wamepita hapa?"

Kinyozi aliweka mkono kifuani. "Mkuu, sisi ni wafanyabiashara wa mikeka. Hatujaona hata paka."

"Mwenzangu anasema uongo," akasema Mizani.

Mkunga aliziba uso kwa viganja. Kinyozi akaitupa penseli yake mezani ikaruka hadi kwenye beseni la kuoshea nywele.

"Kaka! Huyu paladini wako ni ugonjwa! Juzi ameirudisha dhahabu yetu kwa yule mfalme mwizi. Wiki iliyopita kamhubiria mama wa watu kwa sababu ya kikombe kimoja cha pombe..."

"Vinne," akasema Mkunga.

"...vinne vya kuigiza! Leo unauza watu kumi na wawili!"

"Kiapo ni kiapo," Mizani alijibu, shingo imesimama. "Sikukiandika mimi ili nikivunje kikinibana."

"Una hakika?" nilimwuliza. "Hilo ndilo jibu lako?"

"Nina hakika. Paladini hasemi uongo, wala hakai kimya uongo ukisemwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Msimulizi ana miiko yake, na mmoja ni kwamba ya nyumbani hayaletwi mezani. Lakini nilikuwa nimelala siku tatu na neno lile "makombo" chini ya mto. Nikavaa sauti nzito ya mkuu wa walinzi, nikainama kuelekea kwake.

"Hongera, askari mkweli. Sasa niambie na hili. Nyumbani kwako, dada yako akikuuliza kama kuna mwanamke umpendaye, unajibuje?"

Nilimwona kwenye kioo, kwa mara ya kwanza siku ile, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa mgongoni na yule aliyemwamini.

Alisimama, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mapumziko," akasema Mkunga polepole. Kisha akaniinamia. "Mfuate, mwanangu. Hilo si swali la mkuu wa walinzi."

*

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, chini ya kamba ya taulo zilizoanikwa. Nikasimama.

"Nani kakuambia?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Dada yako mwenyewe. Alikuja Alhamisi, nikamlainishia meno. Akanisimulia mchumba wako, mpole, hajawahi kuolewa. Akanibariki."

"Ee Mungu."

"Ulimwambia huna mtu."

"Nilimwambia."

"Basi mimi ni nani? Niambie. Jumatano tunapokula pamoja pale karakana, huwa unakula na nani? Na plasta?"

"Usinifanyie hivyo."

"Wewe ndiye umenifanyia! Nilikuwa mke wa mtu miaka sita, kila nikilia ananiambia nyamaza, majirani watasikia. Niliondoka ili nisifichwe tena. Nikaja kuangukia mikononi mwa mtu mkweli kuliko wote mjini, naye kanificha vizuri kuliko yule."

Aliziba macho kwa kiganja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilipokuwa na miaka kumi na moja, kulikuwa na mwanamume anakuja kwetu. Fundi redio. Alinitengenezea gari la waya. Siku moja nikamsikia anamwambia dada: wewe nakutaka, lakini kulea mtoto wa watu siwezi. Dada akaenda, akafungua mlango, akasimama hapo mpaka yule mtu akatoka. Hajaja mwingine tena. Nimekula ujana wake wote, unaelewa? Wote. Sasa ananiuliza una mtu, ameshika mkasi, macho yananiomba niseme sina. Nikasema sina. Neno moja tu. Tangu siku ile sijalala vizuri."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilitafuta pa kukaa ikakosa. Nikakaa mimi, ngazi moja chini yake.

"Ndiyo sababu unamkemea Kinyozi namna ile?"

"Pale mezani angalau naweza kuwa yule mtu ambaye watu wanadhani ndiye mimi."

Taulo moja ilitikisika juu yetu ikatudondoshea matone. Hakuna aliyesogea.

"Nami nimekosa," nilisema. "Nimekuvua nguo mbele ya watu. Hilo nitakuomba radhi hata mbele yao."

"Ulikuwa na haki."

"Kuwa na haki hakunipi ruhusa ya kukuchapa nayo. Na hilo ndilo ninalotaka kukuambia kuhusu paladini wako. Nimesimulia michezo hii miaka mingi, nimewaona wengi. Mhusika mgumu kuliko wote ndiye huyo. Mchawi anahitaji kitabu tu. Paladini anahitaji moyo. Watu wakimpata, wanadhani kazi yake ni kuwa askari wa zamu wa wenzake: huyu asiibe, huyu asinywe. Wanageuza kiapo kuwa fimbo. Wenzao wanachoka, hadithi inakufa, na mwenyewe anabaki anashangaa kwa nini hapendwi ilhali yeye ndiye mwema."

"Unanisema mimi."

"Nakusema wewe. Kiapo kile ni chako, hakimhusu Kinyozi. Yeye hakuapa kitu. Kinakubana wewe, na raha ya kukiangalia ni kuona wewe utafanya nini kikikubana. Paladini mzuri wenzake wanafurahi akiwepo. Akiona mlevi anambeba. Akiona mwizi, anajiuliza njaa gani ilimfikisha pale. Ukali wote anauweka kwa nafsi yake."

Alifikiri. Alikuwa na namna yake ya kufikiri, kidole kikipapasa kidole, kana kwamba anapima kitu chepesi sana.

"Lakini mkuu wa walinzi kauliza," alisema. "Uongo siwezi. Kuwatoa wale watu siwezi. Nifanye nini?"

"Mimi ni msimulizi, siwezi kukujibia. Ila kati ya kudanganya na kumuuza mtu huwa kuna njia nyingine. Utaitambua kwa kuwa anayeumia ni wewe peke yako."

Aliniangalia, bila kioo. Macho yake yalikuwa mekundu na nilitaka kuyashika, lakini mikono nikaibana magotini. Kumhurumia mtu ni rahisi unapompenda. Kumsubiri ndiyo kazi.

"Sikuwekei sharti," nilimwambia. "Lakini kwa kificho sitapendwa tena. Hiyo ndiyo yangu."

*

Tuliporudi ndani niliwaomba radhi wote. Mkunga akanipiga kofi dogo mkononi, yaishe. Kisha nikasema, "Turudi nyuma kidogo. Mwizi ameshasema hajaona hata paka. Mkuu wa walinzi anamgeukia paladini."

Mizani alimgeukia Kinyozi kwanza.

"Kaka, nisamehe kwa haya ya mwezi mzima. Naomba nizungumze mimi hapa. Sitawatoa."

Kinyozi alimtazama kwa mashaka. "Ukiwatoa, nakunyoa upara."

Mizani akasimama. Hajawahi kusimama akicheza, huwa anaona haya. Alisimama kati ya vioo viwili.

"Mkuu, najua walipo. Sitakuambia. Mwenzangu alisema alichosema kwa kuwa anawaonea huruma, nami naona fahari kutembea naye. Ukitaka mtu wa kufunga leo, nifunge mimi. Upanga wangu huu hapa."

Akaweka penseli yake mbele yangu.

"Rusha dadu tuone kama maneno yako yamemgusa."

Ilibingirika, ikagonga chupa ya mafuta, ikasimama. Tatu.

"Hayakumgusa," nilisema. Sikupenda kulisema. "Anakufunga minyororo. Unapelekwa ngomeni."

"Sawa," akasema Mizani, akaweka viganja vyake pamoja. "Naenda."

"Anaenda wapi!" Kinyozi aliruka hadi kiti kikazunguka. "Hatumwachi! Mama, una mishale mingapi?"

"Kumi na minne," akasema Mkunga, "na sijalewa kabisa. Muda huu wote nilikuwa nasubiri mtu wa kumfia."

Wakaanza kubishana watapita wapi, bomba la maji machafu au paa la zizi, sauti juu, penseli zikichora ngome nyuma ya karatasi ya bei za kunyoa. Kinyozi alikuwa akitetemeka kwa furaha. "Leo ndiyo nimempenda huyu paladini," alirudia mara mbili. Na Mizani, mfungwa, alikaa akiwatazama, na nadhani hakuwa anawaza mchezo.

Walipoondoka alinisaidia kurudisha viti.

"Twende kwa dada," akasema.

"Leo?"

"Nikilala hadi kesho nitapata sababu nzuri ya kutokwenda. Najifahamu."

"Anaweza kukataa."

"Najua. Dadu yangu leo imeonyesha tatu. Twende hivyo hivyo."

*

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. Mapazia ya watu wengine yalikuwa yamejaa sebuleni, yamekunjwa juu ya kila kiti isipokuwa kile alichokalia dada yake kwenye cherehani.

"Eh! Fundi wangu wa meno!" Akacheka, akanionyesha. "Limekaa vizuri, hata silisikii. Umenifuata hadi nyumbani? Na huyu mmekutana wapi?"

Kisha akauona mkono wa mdogo wake umeushika wangu. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Dada," Mizani alisema. "Uliponiuliza kama nina mtu, nilisema sina. Nilikudanganya. Mtu ninaye, ndiye huyu."

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia mtu anafagia nyumba ya jirani.

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba unakula mezani kwangu na kunitazama usoni."

"Niliogopa kukuumiza."

"Na sasa hujaniumiza?"

"Nimekuumiza. Kosa ni langu. Si lake, wala si lako. Lakini sitasema tena sina. Hata ukinifukuza."

Dada akanigeukia mimi.

"Na wewe. Siku ile nilikwambia maneno yale yote, wewe ukaendelea tu kunisugulia?"

"Ulikuwa unaumia, dada."

"Ungeweza kuniachia makali yanichane."

"Niliwaza."

Kitu kilipita usoni pake, karibu kiwe kicheko, akakirudisha. "Nilikuita makombo."

"Ndiyo, uliniita."

Alitazama kitambaa mikononi mwake. Alikikunja, akakikunjua. "Mimi sijakubali. Msitoke hapa mkatangaza kwamba nimekubali."

"Hatutatangaza, wifi," ikanitoka kabla sijaizuia.

"Usiniite wifi!" Akamnyooshea mdogo wake kidole. "Wewe toka."

"Niende wapi?"

"Nje! Zunguka nyumba. Una miaka thelathini na nne, hujui kuzunguka nyumba?"

Akatoka. Mlango ukafungwa. Dada akaondoa pazia kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akalitupa juu ya mengine.

"Kaa. Ukisimama hivyo unaniumiza shingo."

Nikakaa. Alinikagua toka nywele hadi viatu, bila haraka.

"Uliachwa au uliacha?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikupunguza, sikuongeza. Nilimwambia hata habari ya dirisha nililopitia usiku nilipoondoka, ambayo nilikuwa sijamwambia Mizani. Alisikiliza bila kunikatiza, na mahali fulani katikati aliacha kuniangalia kama hakimu.

"Mimi nilikuwa na mtu wangu," alisema nilipomaliza. "Huyu atakuwa amekusimulia. Anadhani nilimfukuza kwa ajili yake. Watu wote wanadhani hivyo, wananiita mtakatifu, nami nimewaachia." Alivuta pini kifuani, akaichomeka pale pale. "Nusu ni kweli. Nusu nyingine, nilimwogopa yule mtu. Alikuwa na ulimi kama wa mumeo. Mtoto alinipa sababu ya kufungua mlango. Miaka ishirini na tatu yule mtoto anajiona ana deni kwangu, na mimi ndiye niliyeokolewa."

"Mwambie," nilisema.

"Nitamwambiaje? Nikimwambia, atabaki kwangu kwa lipi?"

Alisema hivyo, kisha mwenyewe akasikia alichosema. Machozi yalimtoka kwa ghafla, ya mtu asiyezoea. Nilisogeza kiti changu. Sikumkumbatia, hatukuwa tumefikia huko. Niliweka mkono wangu juu ya cherehani, karibu na wake, na baada ya muda aliuchukua akaubana kwa nguvu, vidole vyake vigumu vya sindano juu ya vyangu vya plasta.

Mlango uligongwa taratibu. Mtu mzima anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Nimeshazunguka mara nne," sauti ya Mizani ilisema. "Niingie?"

Dada yake alinitazama, pua ikivuja, mkono wangu bado mkononi mwake.

"Bado!" tulijibu, yeye na mimi, kwa sauti moja.